Maneno ya Safu ya Tatu

Shangazi alipitisha kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, kama mtu anayepiga pasi, na safu nzima ya tatu ikajua anayesemwa ni nani.

Katika kiwanda kile cha nguo mdomo haukuwa na kazi. Mashine za kufumia zilinguruma kiasi kwamba ungeweza kumpigia mtu ukelele sikioni asisikie kitu. Wafumaji walizungumza kwa mikono. Walikuwa na ishara ya uzi kukatika, ya chai, ya mimba, ya mume mlevi, na kila mtu alikuwa na jina lake. Jina la msimamizi mpya lilikuwa hilo: Bwana Pasi. Mashati yake yalinyooka hadi ukayaonea huruma.

"Anapita," vidole vya Shangazi vilisema. "Mtazameni anavyotembea, kama kuku aliyekanyaga gundi."

Safu ilicheka. Bwana Pasi, aliyekuwa akipita katikati yao, naye akatabasamu.

"Huyu naye anacheka nini?" Kijino, mfumaji wa kando yake, aliuliza kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye nyuzi.

"Muulize aliyemleta."

Aliyemleta alikuwa mwenye kiwanda, bosi mkubwa. Msimamizi wa zamani alipostaafu, hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kiti ni cha Shangazi. Nusu ya wafumaji walifundishwa kazi na yeye. Badala yake akaletwa kijana kutoka nje, kwa majaribio. Shangazi alitaka kiti chake. Alitaka pia kumwona Bwana Pasi akitoka mlangoni ameinamisha kichwa, na siku nyingine hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili alichokitaka zaidi.

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kijana yule alisimama mbele yao na kusema kwa sauti yake ya chini, "Mwenye neno na mimi aniambie. Sitakasirika."

"Hatuna neno, bosi," walijibu kwa midomo. Mapajani, mikono yao ilimwambia mengine, ya kwake na ya mama yake. Alikuwa na tabia ya kutazama chini wakati wakimjibu. Walidhani ni aibu.

Asubuhi moja aliongeza jambo. "Ijumaa bosi mkubwa atakuja kuona mashine mpya ikifanya kazi. Nitaiwasha mwenyewe. Akiridhika, nabaki."

Shangazi alingoja hadi kelele zilipojaa ukumbini.

"Zile skrubu mbili zinazoshika roli la kuviringishia nyuzi," mikono yake ilisema. "Nitazilegeza. Akiiwasha tu, nyuzi zote zinajisokota kama nywele za mwendawazimu. Bosi mkubwa aone alichotuletea."

Safu ilichangamka. Mmoja alipiga makofi ya kimyakimya. Kijino peke yake ndiye aliyesita.

"Si umwambie tu, Shangazi? Kwamba kiti kilikuwa chako, na kwamba umeumia. Kila siku anasema aambiwe."

"Huyu? Ataelewa nini huyu!"

Bwana Pasi alikuwa amesimama karibu na dirisha, akiwatazama.

Ijumaa mashine zote zilizimwa kwa heshima ya mgeni. Ukimya ule uliwafanya wafumaji wajione kama wamevuliwa nguo. Bosi mkubwa aliingia na wageni wake, wanunuzi waliotoka mbali, wakasimama mbele ya mashine mpya. Shangazi alikuwa amekwisha kuifanyia kazi yake. Alisimama mstari wa mbele ili asikose hata chembe.

"Haya, kijana," alisema bosi mkubwa. "Tuonyeshe."

Bwana Pasi alikohoa kidogo. "Bosi, kwa idhini yako. Mimi hapa ni mgeni. Kuna mtu ambaye kiwanda kizima kinamwita Shangazi. Kama kuna anayestahili kuiwasha mashine hii mbele ya wageni, ni yeye."

Wafumaji walitazamana. Hakuna mkono uliosogea.

"Mimi?" alisema Shangazi. "Hapana, bosi. Hiyo ni kazi ya msimamizi."

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema bosi mkubwa, akicheka kwa furaha ya kweli. "Nimesikia sifa zako. Njoo."

Alikwenda. Miguu ilimbeba yenyewe. Alijaribu kuzunguka upande wa roli, japo apate nafasi ya kuinama kidogo tu, lakini Bwana Pasi alikuwa amesimama papo hapo.

"Umeikagua, Shangazi?" aliuliza kwa sauti ambayo kila mgeni aliisikia.

Kusema hapana kungekuwa aibu. Kusema ukweli kungekuwa mwisho wake.

"Nimeikagua," alisema, akabonyeza swichi.

Roli liliruka. Nyuzi zilikimbia, zikapanda juu, zikajisokota, zikakatika kwa milio midogo kama mahindi kwenye kikaango. Kipande cha chuma kilianguka miguuni mwa mnunuzi mmoja. Bosi mkubwa ndiye aliyezima umeme mwenyewe. Hakugomba. Alimwambia Shangazi tu, "Kusanya vitu vyako, mama." Akawageukia wengine. "Washeni mashine zenu. Kazi iendelee."

Ukumbi ulinguruma tena. Shangazi alifungua mdomo kujitetea, lakini sauti yake hakuisikia hata yeye mwenyewe.

Nyuma ya mgongo wa bosi mkubwa, Bwana Pasi aliinua mikono yake.

"Nilikungoja uniambie, Shangazi," vidole vyake vilisema, vyepesi, bila kukwama popote. "Mama yangu alizungumza nami hivi kabla sijajua kutamka neno."