Msimbo wa Kusimamisha Watu

Kila mtu mzima alikuwa na kidude nyuma ya sikio kinachomwongozea mapigo ya moyo na fahamu, na kazi ya Tunu ilikuwa kukagua mabadiliko ya programu yake kabla hayajatumwa kwa watu wote.

Asubuhi moja, mumewe Mhina akikuna nazi jikoni, alisoma pendekezo la mistari michache ya msimbo. Lilimwezesha fundi kumsimamisha mtu, kusoma yaliyomo akilini mwake, kisha kumwachia bila yeye kujua.

Akampigia simu Kihiyo, aliyeliandika pendekezo hilo.

"Haliombi idhini wala haliachi alama. Silipitishi."

"Ni la mafundi tu, dada, wakitafuta hitilafu."

"Na wengine nani atawazuia?"

"Mbona tumeshalijaribu majumbani mwa wakaguzi, na hakuna aliyelalamika?"

Tunu aligeuka. Mhina alikuwa ameganda juu ya mbuzi ya kukunia, kifuu mkononi, macho wazi hayapepesi.

"Mhina! Baba Saumu!"

Alimtikisa bega. Punde mkono ukaanza tena kukuna.

"Vipi, mbona unanitikisa?"

"Ulikuwa umeganda. Nimekuita hukusikia."

Mhina akacheka kidogo. "Basi tumeambukizana. Hata wewe jana uliganda hivyo hivyo na upawa mkononi. Nilidhani umenuna."

Simu ilikuwa bado hewani, na Kihiyo alikuwa akisikiliza.

Tunu akaandika, "Nakataa," akatuma. Kisha akaketi sakafuni kando ya mumewe, akamshika mkono kwa nguvu, akaanza kusubiri aone ni nani kati yao atakayeganda.