Chaneli Moja

Rimoti mbili zikitumia chaneli moja, ndege ndogo ya modeli hupoteza mwelekeo na kuanguka. Masunga alilijua hilo mwaka jana alipowasha yake wakati ndege ya Nyamizi iko angani. Ilivunjika vipande, naye akasema amesahau.

Nyamizi alinunua seti nyingine ya kuunda ndege. Kwa miezi saba aligundisha vijiti vyepesi vya balsa, akaunda mbavu za mabawa, akazivika karatasi nyekundu. Injini hakufunga.

Siku ya maonyesho, ndege ya Masunga ilizunguka juu ya uwanja mtupu, watazamaji wakiwa pembeni.

"Dada, hiyo yako huirushi?" aliuliza bila kugeuka. "Au ni pambo la sebuleni?"

"Nasubiri yako ipande kidogo, kaka."

Masunga alicheka, akaipandisha. Nyamizi akavuta antena ya rimoti yake, pingili kwa pingili, mpaka mwisho.