Kigoda Ufukweni

Waombolezaji walipoondoka, Zuwena, fundi wa fremu, alibaki mbele ya picha ya mwisho aliyoichora marehemu. Pichani bahari ilikuwa imechafuka, na ufukweni kilikuwepo kigoda kitupu, miguu yake miwili ikiwa majini.

"Kigoda changu cha jikoni hicho," Mize alisema. "Mume wangu alinichora mimi."

"Pole, dada. Ni yeye mwenyewe. Tangu augue alikuwa akiniambia, 'Maji yanapanda, Zuwena, na mimi nina miguu ya kigoda.'"

"Kumbe fremu zilikuwa zinachelewa kwa mazungumzo!"

Mize aliwaka kifuani. Ndani ya nyumba hii mumewe hakuwahi kuogopa kitu. Alitania na kudai chai mpaka siku ya mwisho. Heri angeambiwa walikuwa wapenzi. Hilo angejua namna ya kuligombea.

"Nenda kapumzike, mwenzangu," alisema, akamfungulia mlango.

Kisha akakileta kigoda kutoka jikoni, akakiweka mbele ya picha na kukikalia. Akavua ndala. Taratibu akapandisha kanga hadi magotini, kama mtu anayeyasikia maji yakija.