Hodi ya Nne

Mashua ilipinduliwa makusudi, maana hilo ndilo lililokuwa somo la asubuhi ile. Vijana wote wakaibuka wakicheka, isipokuwa Nasra.

"Mwalimu, Nasra hajatoka!"

Mwalimu Saumu alikuwa amewaambia: mashua ikikufunika usipapatike, ndani mna hewa. Tulia, nitakupigia hodi, nawe uniitikie. Walimcheka sana. Nani aliwahi kupigiwa hodi majini?

Sasa hakuna aliyecheka. Saumu akaparamia mgongo wa mashua, akagonga kwa ngumi. "Hodi!" Kimya. "Hodi, Nasra!" Maji yakalamba ubao, basi. Ya tatu aliipiga huku amebandika sikio.

Katika mji ule, hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hushika njia akaenda zake.

Saumu akafungua mikanda ya jaketi lake la kuelea, lile alilowakataza vijana kulivua kwa hali yoyote, kwa kuwa aliyelivaa hawezi kupiga mbizi. Akalitupa. Kabla hajazama, akagonga mara ya nne.

"Hodi, mwanangu."

Ndani, kitu kikakwaruza ubao taratibu, kama komeo linalofunguliwa.