Kamera Iliyoingia Maji

Ilipofika chumba cha walimu habari kwamba kamera ya shule haikunasa sauti hata chembe, mwalimu wa hesabu alimshukuru Mungu, wa sayansi akacheka mpaka akajifuta machozi, na mwalimu wa darasa la mwisho kwenye korido akashindwa kumalizia chai yake.

Kamera hiyo ilikuwa imezunguka madarasa yote juu ya miguu yake mitatu, ikirekodi vipindi. Mkuu wa shule alitaka siku ya mkutano awaonyeshe wazazi jinsi watoto wao wanavyofundishwa. Kumbe maiki iliingia maji tangu mvua zilipoanza, wala hakuna aliyejua. Basi vijembe vyote vilivyotupwa mbele yake, vya wanafunzi na vya walimu, vimepotea hivyo.

"Sasa wewe unatetemeka nini, dada?" mwalimu wa hesabu akamwuliza. "Picha tu hizo. Nani atajua ulisema nini?"

Lakini yeye alikuwa amesema, tena sana. Kipindi kiliisha mapema, akaisahau kabisa ile taa nyekundu ya kamera, wanafunzi wakamchokoza, naye akajikuta anawasimulia siku upepo ulipolibeba wigi la mkuu pale getini, na mlinzi akalikimbiza kwa ufagio akidhani ni panya. Alisimulia kwa madoido yote. Na mkuu huyu alishamwachisha mtu kazi kwa kuiita tai yake kamba.

Darasa lenyewe, jamani, halikujua kunyamaza. Waliongea hata mdomo ukiwa umejaa chakula. Akigeuka tu kuandika ubaoni, soga linaanza, kwa hiyo alijizoeza kuandika ubavuubavu, jicho moja kwao. Dawa yao ilikuwa moja tu, kuzima taa, na hapo walinuna. Aliwapenda mno. Akifukuzwa wangeletewa nani? Shule nzima hapakuwa na mwalimu mwingine aliyejua hata kuwaamkia.

Akaenda ofisini kuomba kipande chake kiondolewe. Mkuu alikuwa mbele ya kioo, anajiweka sawa nywele. Akamwambia hicho ndicho kipande alichokipenda kuliko vyote, maana hakuona darasa jingine ambalo wanafunzi wote wamemkodolea mwalimu macho namna ile. Tena amekipanga cha mwisho, watu waondoke na kitu kizuri machoni.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wazazi wa darasa lake walikaa pamoja safu ya nyuma kama kawaida yao, wakapiga soga hotuba nzima, na wala hakuna aliyegeuka kuwakemea. Vipande vikapita ukutani bila sauti. Midomo ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka tena, na wazazi wakaanza kupiga miayo.

Kisha akatokea yeye, mkubwa kama mlango.

Bibi mmoja wa safu ya nyuma akaziba mdomo kwa mtandio. Baba aliyekaa karibu naye akajipiga paja. Mara safu nzima ikavunjika mbavu, watu wanaegemeana, mmoja nusura adondoke kwenye kiti. Mwalimu akaangalia mlango wa kutokea uko wapi.

Mkuu akasimamisha picha. Akauliza, kwa upole, wenzetu wa nyuma wamefurahishwa na nini.

Yule bibi akainuka huku anafuta machozi. Akamtazama mwalimu, akamtazama mkuu, kisha macho yakapanda mpaka kwenye nywele za mkuu, yakakaa hapo kidogo.

"Mwalimu huyu anaeleweka, mkuu," akasema kwa sauti. "Mpaka huku nyuma tumemwelewa. Tunaomba usituondolee."

Mkuu akavimba kichwa kwa furaha. Akaahidi mbele ya wote kwamba mwalimu yule haendi popote, kisha akaagiza kipande kirudiwe tangu mwanzo, polepole, kila mzazi afaidi.

Mwalimu akafumba macho. Ukutani, mikono yake miwili ikaanza upya kuwasimulia wazazi wa darasa la viziwi, kwa lugha ya alama iliyonyooka: upepo, wigi, mlinzi, ufagio.