Bendera Nyeupe ya Bibi Mampolokeng

Kabla hakujapambazuka, kikombe kilikwaruza ndani ya ndoo tupu. Bibi Mampolokeng alilamba ukingo wake, akaitazama miguu yake iliyovimba. Bomba jipya la maji la kijiji lilikuwa kule bondeni.

Akatambaa hadi mlangoni, akafunga kitambaa cheupe kwenye ufito na kuusimamisha, kama wafanyavyo wenye pombe ya kuuza.

Jua lilipochomoza, mlevi mmoja alifika akipiga mbinja. "Bibi, nimiminie! Koo limekauka."

"Na langu, mwanangu. Sina pombe."

"Bendera juu, pombe hakuna? Unatuchezea, kizee we!"

"Ningetundika nini? Mgonjwa ana bendera gani?"

Mlevi alitema mate, akageuka aende zake. Alipotazama nyuma, akauona ulimi wa bibi, mkavu, umepasuka. Akanyakua ndoo, akateremka bondeni.

Aliporudi alikiinua kichwa cha bibi taratibu, akamnywesha. Hakumwaga hata tone.

Mlevi alipoinuka, bibi alimshika pindo la blanketi alilojitanda mabegani.

"Kesho uje tena, mwanangu. Hata usipoiona bendera, uje."