Saba za Ayelén

Wewe ukiambiwa ujipe alama mwenyewe, utajipa ngapi?

Kwenye fomu waliyogawiwa darasani, Ayelén alijipa saba tupu, swali baada ya swali. Kwao Chile saba ndiyo alama ya juu, na chini ya nne umefeli. Mwanasaikolojia wa chuo alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba fomu hiyo inapima uimara wa moyo, si mtihani. Lakini nani ajiandikie kufeli kwa mkono wake?

Likabaki la mwisho: "Nikianguka, huinuka upesi."

Aliandika saba, akaifuta. Akaiandika tena, akafuta tena, hadi karatasi ikatoboka na ubao wa meza ukaonekana.

"Shoga, unachimba kisima?" jirani yake alimnong'oneza. "Weka saba, twende tukale!"

Kula! Tangu juzi hata mkate ulikuwa haushuki kooni.

"Muda umekwisha, wanangu." Mwanasaikolojia alifika, akaishika karatasi, akakiona kitundu. "Hapa nisome ngapi, binti?"

Ayelén hakuiachia karatasi.

"Moja, mama," alisema. "Nimeanguka, na peke yangu siinuki. Nisaidie."